Ramani Isiyo na Makaburi

Rebeka alikuja Jumapili asubuhi, saa ambayo majirani zangu wote wa hapa Mandewa wako kanisani na mimi niko barazani nikijifanya nasoma. Ni mwalimu wa shule ya msingi, amepita thelathini, na hukaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeambiwa asichelewe. Mara ya kwanza kumwona alikuwa na urefu wa mkono wangu, kutoka kiwiko hadi vidole, amefungwa kwenye kanga ya mama yake mdogo. "Shikamoo baba," alisema. "Samahani, wewe ndiye waliyekuwa wakikuita Bwana Ramani?" Sikuwa nimelisikia jina hilo kwa zaidi ya miaka thelathini, na nilikuwa nimeanza kutumaini kwamba limekufa. Nilikubali kwamba ni mimi, nikamletea chai, naye akaiweka chini bila kuionja na kuniambia alichofuata. Baba yake alifariki mwaka juzi. Mama mdogo Naomi, aliyemlea, alikuwa ametangulia. Yeye alikuwa amebaki na swali moja, na wote wenye jibu wamekwisha. "Mama yangu alizikwaje?" aliuliza. "Baba nikimwuliza alikuwa anasema, 'Vizuri,' halafu anatoka nje."

Nilimsimulia mpaka chai yake ikapoa na yangu ikaisha. Nilimsimulia karibu yote. Niliruka kipande kimoja tu, kama robo saa hivi, nikakiruka kwa ustadi wa mtu aliyeandika makala gazetini kwa miaka ishirini kuhusu ukweli na wajibu wa msomi, makala ambazo wateja wake waaminifu ni wauza karanga wanaozikunja pembe. Rebeka alishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka ametulia, na hapo ndipo mimi nilipoanza kukosa utulivu. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya robo saa ile. Nitampelekea karatasi hizi kabla mtu mwingine yeyote hajazisoma, halafu aamue mwenyewe kama ataendelea kuniamkia.

Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Siku zile mtu aliyemaliza kidato cha sita hakwenda chuo kikuu moja kwa moja; ilibidi kwanza afanye kazi na wananchi, na mwishowe apate barua ya kumsifu kutoka kwa viongozi wa mahali alipokuwa. Mimi nilipelekwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa katika mbuga iliyo chini ya milima ya Sekenke, mwendo wa saa mbili kwa miguu kufika barabara ya Shelui. Neno kijiji lilikuwa la heshima tu. Palikuwa na vichaka vilivyofyekwa nusu, vigingi, na familia zilizoshushwa na malori pamoja na mitungi, kuku na milango yao, maana mbao ni ghali na mwenye akili akihamishwa huondoka na mlango wake. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia bwana ardhi kupima viwanja. Bwana ardhi alikaa siku nne, akaugua tumbo, akaniachia mkanda wa kupimia na karatasi kubwa yenye miraba, akasema, "Malizia." Kwa hiyo nikiwa na miaka ishirini na alama nzuri ya jiografia nilichora maisha ya watu. Nilichora shule, ofisi ya chama, duka la ushirika, kisima, josho, uwanja wa mpira wenye magoli. Nilichora zahanati ya vyumba vinne karibu na mgunga mmoja mkubwa, nikaiwekea msalaba mdogo kwa penseli nyekundu. Ramani ilibandikwa ukutani kwa mwenyekiti wa kijiji, na watu walikuja kuitazama kwa adabu, kama tunavyotazama picha za arusi ambayo hatukualikwa.

Kitu kingine nilichokuja nacho ni kutoamini kwangu, ambako kulikuwa kupya kama viatu vyangu na kulinibana vilevile. Nilikuwa nimeacha dini kidato cha tano, kati ya maharage ya jioni na mtihani wa majaribio, baada ya kusoma vitabu viwili na nusu. Ile nusu ndiyo iliyonishawishi zaidi. Sikulia. Niliona tu kwamba juu hakuna mtu, na nikawa natafuta kwa hamu mtu wa kunibishia. Hata leo bado naona hivyo hivyo, na msomaji anayengoja kusikia kwamba mwisho wa karatasi hizi nitaokoka aokoe muda wake. Nilichokuja kubadilisha si jibu. Ni namna ya kulibeba.

Nilipangiwa kukaa kwa Msengi, ambaye watu walimwita Baba Elia, na mkewe Tabitha, Mama Elia. Elia mwenyewe hakuwepo. Surua ilimchukua akiwa na miaka mitatu, akazikwa huko walikohama, na mdogo wake akafuata akazikwa ubavuni pake; lakini mzazi akishapewa jina la mtoto, jina halirudishwi. Huko walikuwa na tembe, ile nyumba yetu ya paa la udongo ambayo jua halifiki ndani. Hapa walikuwa na vyumba viwili vya miti na nyasi ambavyo jua lilifika bila kubisha hodi. Mimi nililala chumba cha mbele pamoja na mbegu za mtama na kuku wawili waliochagua kutaga chini ya kitanda changu. Tabitha aliingia kila asubuhi kutafuta mayai kabla sijaamka, akipapasa huku akisema, "Lala, mgeni, sikutafuti wewe." Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kwaya, na alikuwa mjamzito. Siku zake tulizijua kwa namna watu wa huko wanavyozijua: baada ya palizi ya kwanza.

Jioni tulikula uani, ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando pale ng'ombe wa jirani walipokuwa na hisani. Tabitha alisali kabla ya kula. Msengi alingoja amalize, macho wazi, mkono umeshanawa. Mimi nami sikufumba, kwa kanuni. Wiki ya kwanza alinivumilia. Wiki ya pili akaniuliza.

"Bwana Ramani, wewe nawe hufumbi macho?"

"Siamini, Mama Elia."

"Huamini chakula changu?"

"Siamini kwamba kuna Mungu."

Alimgeukia mumewe. "Baba Elia, wameniletea wa pili. Wewe peke yako hukunitosha."

"Huyu amesoma," alisema Msengi, akimega tonge. "Mimi nilikataa bila hata cheti."

"Sasa mlenda huo, mwanangu, unamshukuru nani?"

"Nakushukuru wewe uliyepika."

"Basi sema kwa sauti. Mimi niko karibu, nasikia."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Yeye alisali sala yake, halafu alingoja, mkono kiunoni, mpaka mimi niseme, "Ahsante, Mama Elia, kwa ugali na mlenda," naye akajibu, "Amina," na Msengi akacheka kupitia puani. Nilidhani ananitania. Alikuwa ananitania, lakini sasa nadhani pia alikuwa ananifundisha, na mimi nilikuwa mwanafunzi wa aina ile inayokaa mbele na kuandika kila kitu isipokuwa somo.

Msengi ndiye niliyemtegemea kwa hoja. Ujanani alifanya kazi kwenye machimbo ya zamani ya dhahabu ya Sekenke, kazi ya kusimika magogo ya kuzuia mwamba usiwaangukie wenzake, na imani yake ilibaki chini huko. Siku moja nilimbana anieleze, nikiwa na daftari. "Nieleze nini?" alisema. "Kuna waliosali wakafukiwa. Kuna waliotukana wakatoka. Kuna waliosali wakatoka. Nikaona nishike magogo, hayo nayaelewa." Niliyaandika maneno yale, nikayaongezea yangu ili yafanane na falsafa, na namshukuru mchwa aliyelila daftari lile. Wakati mwingine nikiwa chumbani kwangu niliwasikia wakizungumza, wakianza kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kinyiramba, nami Mnyaturu nikiokota neno hapa neno pale. Mara nyingi mazungumzo yalikuwa ya mahame, yaani kule kwao kulikobaki magofu. Tabitha alitaka kujua nani sasa anafagia kwa watoto. Msengi alisema hakuna anayefagia, kumekatazwa kurudi. Tabitha akasema nyasi hazijui katazo. Kisha mmoja wao akaweka kuni.

Uchungu ulimshika alfajiri, wiki ya mwisho ya palizi. Mkunga alikuwepo, bibi mmoja mwenye mikono mizuri aliyezalisha nusu ya watu wa pale, na Naomi, mdogo wake Tabitha, aliyekuwa bado ananyonyesha mwanawe, alikuja akakaa naye ndani. Sisi wanaume tulikaa uani. Msengi alikuwa anachonga mpini wa jembe. Aliuchonga na kuuchonga mpaka ukawa mwembamba usiofaa jembe lolote duniani. Mchana mtoto alilia. Vigelegele vilianza, vikakatika katikati. Naomi alitoka, mikono ameificha nyuma. "Shemeji," alisema, "damu haikatiki."

Tulimlaza kwenye kitanda cha kamba na kukibeba, watu wanne kwa zamu, kwenda Shelui, ambako malori husimama na dereva mwenye huruma angeweza kumfikisha hospitali. Mimi nilishika mguu wa kitanda upande wa kichwa chake. Tulipoupita mgunga ule mkubwa nje ya kijiji alifumbua macho.

"Bwana Ramani."

"Naam, Mama Elia."

"Si ulisema zahanati iko hapo kwenye mti?"

"Ndiyo, Mama Elia."

"Sasa mbona tunapita?"

Nikahamishia mguu wa kitanda bega la pili. "Wangeniweka hapo," alisema. "Ni karibu." Nimelifikiria neno lile zaidi ya kitabu chochote nilichowahi kusoma. Sijui kama alikuwa ananikejeli au maumivu yalikuwa yamechanganya ramani na nchi. Ningependa iwe kejeli. Ingemaanisha kwamba alikuwa bado yeye. Tulitembea, tukabadilishana mabega, na tulipoanza kusikia malori kwa mbali yakinguruma kuupanda mlima, Msengi alisema, "Tushushe." Tulidhani amechoka.

Jioni ile wanaume walikusanyika uani kwa mwenyekiti, chini ya ramani yangu. Mwenyekiti alikuwa Mwislamu, mchuuzi wa ng'ombe zamani, mtu wa haki aliyepewa kazi isiyoruhusu haki nyingi. Alitoa pole, kisha akaniuliza bila ubaya wowote, "Bwana Ramani, makaburi uliyaweka wapi?"

Watu wote waliitazama ramani. Mimi nami niliitazama, kana kwamba nilikuwa sijui kilichomo. Josho lilikuwepo. Magoli yalikuwepo. Nilikuwa nimewapangia watu mia kadhaa pa kunywa, pa kusoma, pa kuogeshea mifugo, na sikumpangia hata mmoja pa kuzikwa. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alisema polepole, kama anayenitetea, "Kijana. Alidhani tumekuja kuishi tu." Wala si mimi peke yangu, kamati nzima ilikuwa imeipitisha ramani ile kwa kupiga makofi. Tulikuwa tumejaa kesho kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka kwamba huko mbele nako watu hufa.

"Mimi napajua pa kumweka," alisema Msengi. "Kwa watoto wake."

"Kule kumekatazwa, Baba Elia," mwenyekiti alisema. "Nikiruhusu maiti arudi, kesho watarudi walio hai. Na wakuu wakisikia, anayeulizwa ni mimi."

"Kwani maiti ataomba kiwanja?"

"Wewe unajua ninachosema."

"Najua. Nawe unajua nitakachofanya."

Mwenyekiti alijifuta uso kwa kofia yake. "Alfajiri nina safari ya Shelui," alisema mwishowe. "Nikiwa safarini sioni nani katoka na kitanda. Lakini mwinjilisti wenu hatakwenda, nimezungumza naye, anaogopa. Na asiende mtu mwenye cheo."

Tuliondoka kumi na wawili, na mwendo ulikuwa wa saa tatu. Waliojua kusoma walikuwa wamebaki nyumbani, maana ndio waliokuwa na cha kupoteza. Mimi nilikwenda kwa sababu ya aibu, ambayo si haba kama sababu. Mahame yalikuwa magofu ya kuta, mapaa ya udongo yameangushwa ndani ili watu wasitamani kurudi, na mahali pa milango matundu tu. Makaburi mawili madogo yalikuwa nyuma ya lililokuwa zizi, na nyasi, kama alivyosema mwenyewe, hazikujua katazo. Msengi alimpima mkewe kwa bua la mtama, akalikata pale bua lilipofika, akalilaza chini na kuanza kuchimba. Nilitaka kumsaidia. Nilipiga majembe mawili, akaninyang'anya bila hasira akanituma nikachote maji. Ardhi ya kule ina mawe, lakini alichimba kama anachimba shimo la watu kushuka na kupanda salama: pembe zimenyooka, kuta amezisugua kwa kiganja mpaka zikalainika. Nilimtazama nikiwaza kwamba hapa yupo mtu asiyetarajia chochote ng'ambo ya pili, na bado anasawazisha kona ambayo baada ya saa moja hakuna jicho litakaloiona. Niliona ni jambo la kuvutia. Nadhani nilikuwa tayari natafuta sentensi.

Robo saa yenyewe ni hii. Walipokwisha kumshusha, Naomi alinijia. Mgongoni alikuwa na mtoto wake mwenyewe, na kifuani, kwenye kanga, huyu Rebeka wa siku moja. Mkononi alikuwa na kitabu cha Tabitha cha nyimbo na ibada, kilichofunikwa kwa kitambaa cha maua. "Kaka," alisema, "wewe ndiye mwenye kusoma. Tusomee ya maziko. Yamo humo, dada alinionyesha."

Nikasema siwezi.

Alidhani ni huzuni. "Soma kidogo tu. Mwanzo na mwisho."

Nikasema si kwamba siwezi. Siamini yaliyoandikwa humo, na nikiyasoma nitakuwa nawadanganya wote walio hapa, na marehemu pia. Nilisema hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini, viatu vyangu vimejaa vumbi la kaburi la mwanamke aliyenilisha kwa miezi minne, na nilikuwa nalinda usafi wangu.

Msengi alikuwa bado ndani ya kaburi, kichwa tu kinaonekana. "Bwana Ramani," alisema, "hukuombwa kuamini. Umeombwa kusoma."

"Baba Elia, hata wewe..."

"Soma. Kitabu si chako."

Nikatikisa kichwa. Hakunibembeleza zaidi, alipanda juu na kushika jembe. Naomi alinitazama, si kwa hasira, bali kama mtu anavyotazama kisima alichokitegemea na kukikuta kikavu. Kisha akakifungua kitabu mwenyewe, yeye asiyejua hata herufi moja, akakishika mbele ya uso wake, na akasema alichokuwa nacho kichwani. Akasema sala wanayofundishwa watoto. Ikaisha. Akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa Noeli, maana ndio aliokuwa na uhakika nao, na watu wakaitikia kwa sauti za chini, Noeli katikati ya masika. Ukaisha. Akageuza ukurasa. Watu walikuwa wanangoja, udongo ulikuwa unangoja, na hakuwa amebakiwa na kitu kingine chochote, kwa hiyo akafumba macho akasema ile sala ya dada yake ya kila jioni, akimwomba Mungu akibariki chakula hiki na mikono iliyokitayarisha. Alipofika katikati alijua ni sala gani. Aliimaliza. "Amina," watu walisema. Msengi, ambaye sikupata kumsikia akilitamka neno hilo kabla ya hapo wala baadaye, alisema, "Amina," akatupa udongo wa kwanza.

Hakuna aliyenisema. Tulirudi, na mimi nikaendelea kuishi pale kwa Msengi, maana hakuna aliyenifukuza. Alijifunza kupika, au tuseme alipika: ugali wenye madonge mabichi katikati, mlenda wenye mchanga. Nilisikia kisimani wanawake wakizungumza nyuma ya kichaka, "Yule wa ramani ni bubu wa vitabu," na mwingine, "Mwacheni, ndivyo walivyomsomesha." Jioni moja nilishindwa kuvumilia, nikamtetea mtu ambaye hakuna aliyekuwa amemshtaki. Nilizungumza sana kuhusu dhamiri. Msengi alingoja nimalize kama alivyokuwa akingoja sala ya mkewe.

"Nawe ungekuwa mimi," nilimwuliza, "ungesoma?"

"Sijui kusoma."

"Ungejua?"

Aliokota jiwe dogo kwenye mlenda wake, akalitazama, akalitupa. "Ningejua ningesoma mpaka sauti ikauke," alisema. "Halafu ningeanza upya."

Kamati ilinituma niongeze makaburi kwenye ramani. Nilizunguka na Msengi kutafuta udongo usio na mwamba, yeye akipigapiga ardhi kwa mtarimbo na kusikiliza, nikaweka vigingi upande wa magharibi. Alinifundisha kuchimba. Walipokufa wengine, na walikufa, wa dini hii na ile, nilikuwa miongoni mwa watu walioitwa na jembe, na nilijua kaburi la Mwislamu lina mwanandani, lile shimo la ubavuni la kumlaza maiti, na la Mkristo halina, na kwamba hakuna aliye juu ya shimo anayemwuliza mchimbaji anaamini nini. Ilinisaidia. Lakini kuchimba hakukuwa kile nilichoombwa, na mimi nilijua.

Mwisho wa kiangazi, majuma machache kabla ya kuondoka, nilimwomba Naomi kitabu. Alinipa bila kuuliza. Nilikwenda peke yangu hadi mahame, nikang'oa nyasi, nikasimama mahali alipokuwa amesimama yeye, nikasoma ibada yote ya maziko kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, kwa sauti, nikizingatia hata alama za mkato. Nilisoma vizuri. Nilipomaliza palikuwa na upepo kidogo na mjusi juu ya ukuta. Nilikuwa nimetumaini kujisikia mnafiki, au kujisikia nimesamehewa; chochote kati ya hivyo ningekipokea. Sikujisikia kitu, isipokuwa kiu. Tabitha hakuwa na haja ya maneno yale, wala siku ile hakuwa nayo. Waliokuwa na haja walikuwa watu kumi na mmoja waliosimama mchangani asubuhi moja, na asubuhi ile ilikwisha. Mwenye Mungu anaweza kuchelewa. Yupo wa kumpokelea alichokileta nje ya wakati. Sisi wengine, tusichompa mtu saa anayokihitaji, hatuna mahali pa kukipeleka. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, vingine mpaka mwisho, kuhusu maana ya maisha kwa mtu asiye na dini, na sijapata kukuta cha kuongeza juu ya hilo, wala cha kulipunguzia uzito.

Nilirudi kijijini alasiri, miguu imevimba. Njiani, kwenye kiwanja nilichokipima mwenyewe, alikuwa amekaa Bibi Mwajuma, ambaye mwanawe alikuwa anakata mkonge huko Tanga. Nilitaka kupita nikanywe maji kwanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umetoka wapi na vumbi lote hilo? Njoo, barua imekuja. Nasikia wewe husomi dini. Hii si dini."

Nikakaa chini. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Mwana alisema yeye ni mzima, hofu ni kwao walio mbali. Aliuliza habari za mvua. Aliuliza habari za ndama mwekundu. Alisalimia watu kwa majina, mstari baada ya mstari, akauliza tena kama yule ndama amepona mguu, akaaga. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, bibi."

"Hajasema kwamba anatukumbuka?"

Niliitazama karatasi. Sentensi hiyo haikuwemo. Ningeweza kuitia, naye asingejua kamwe, na mtu mwema zaidi yangu pengine angeitia.

"Hajaandika hivyo," nilisema. "Lakini huyu ndama amemwulizia mara mbili."

"Mara mbili?"

"Mwanzoni, na hapa chini."

Alijivuta karibu, akaweka kidole kwenye karatasi nilipomwonyesha, kwanza juu, kisha chini. "Basi zisome zote mbili," alisema. "Polepole."

Nikazisoma.